Kalamu ya Mtu Mweusi katika Jamii Iliyogawanyika

(Mhadhara uliotolewa Mghange, Taita Taveta, mbele ya wazee, walimu na vijana)

Kualikwa kusema mbele ya watu wa milima hii ni heshima ambayo siichukulii kwa wepesi, kwa kuwa najua kwamba hapa neno la hadharani hupimwa, na mwenye kulitamka hutarajiwa kulisimamia hata baada ya watu kutawanyika.

Muradi wa mhadhara huu ni kueleza hali ya mtunzi wa hadithi asiye mweupe, awe Mwafrika, Mhindi, Mwarabu au chotara, aishipo katika jamii iliyogawanywa kwa rangi, kwa kabila na kwa mali, na kuithibitisha kauli moja ambayo naiamini kwa moyo wangu wote: kwamba deni la kwanza la mtunzi huyo ni kumrudishia kila mtu utu wake mzima, akianza na wale walionyimwa hata majina, wala asiishie kwao. Hoja zangu ni tano, nami nitazipanga moja baada ya moja ili anayetaka kunipinga ajue mahali pa kunishika.

Hoja ya kwanza: Nchi hii imekwisha kuandikwa, nasi hatumo

Mtu hudhani kwamba mtunzi wa Taita akikaa kitako na kalamu yake huanza na karatasi tupu. Sivyo. Kabla yake wamepita wengi. Mwaka 1907 J. H. Patterson alichapisha The Man-Eaters of Tsavo, masimulizi ya simba walioua wajenzi wa reli mwaka 1898, na tangu hapo jina la Tsavo likawa mashuhuri duniani kwa sababu ya simba wawili kuliko kwa sababu ya watu wote waliozaliwa kandokando yake. Mwaka 1937 Karen Blixen alichapisha Out of Africa, kitabu cha nathari nzuri isiyokanika, ambamo rafiki yake mpenzi Denys Finch Hatton hufa kwa ndege yake iliyoanguka Voi, mara tu baada ya kuruka, tarehe 14 Mei 1931. Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong, na hata leo wageni hupanda kulitazama kaburi lake.

Lakini ndani ya ndege ile mlikuwa na mtu wa pili, mtumishi wake Mwafrika, aliyekufa dakika ile ile na kwa moto ule ule. Habari zake katika vitabu vingi hazizidi sentensi moja. Je, alikuwa na mama aliyesubiri barua? Alipopanda chombo kile alisita, au alijivuna kwamba atauona mto wa Voi kama ndege wauonavyo? Mwanahistoria hawezi kujibu maswali hayo kama hana hati. Mtunzi wa hadithi anaweza, tena anapaswa, kwa kuwa hadithi hupata idhini yake pale hati zinapokoma.

Tazameni pia vita vya 1914 hadi 1918, ambavyo havikupiganwa mbali na hapa tulipo. Wadachi, yaani Wajerumani, waliiteka Taveta Agosti 1914. Tarehe 12 Februari 1916, katika kilima cha Salaita, askari weupe kutoka Afrika Kusini, ambao walikuwa wamezoea kuwadharau wenzao wa Kihindi kwa sababu ya rangi, walirudishwa nyuma na askari weusi wa Kidachi, na waliowakinga wasiangamie walikuwa Wabaluchi wa jeshi la Kihindi. Katika mapigano ya siku moja, daraja zote ambazo dola ilizijenga juu ya rangi za watu ziliporomoka, kisha jioni zikainuliwa tena kana kwamba hapana lililotokea. Na baada ya vita zikachorwa katika ardhi: mpaka leo yapo makaburi ya kijeshi Voi na Taveta, yapo ya Wahindi Maktau, lakini wapagazi wa Kiafrika waliobeba chakula na risasi, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, aghalabu hawana jiwe wala jina. Tume inayotunza makaburi hayo ilikiri mwaka 2021, baada ya zaidi ya karne moja, kwamba ukumbusho wao haukuwa wa haki.

Vita hivyo vimeandikiwa riwaya na William Boyd, An Ice-Cream War ya mwaka 1982. Simlaumu yeye, wala simlaumu Blixen; kila mwandishi husimama mahali fulani na kuona kinachoonekana kutoka hapo. Nasema tu kwamba mahali pale pa kutazamia palikuwa barazani kwa bwana, na kutoka barazani mpagazi huonekana mgongo.

Hoja ya pili: Mtunzi mweusi huvutwa na mabwana wawili

Bwana wa kwanza ni yule mwenye mitambo ya kupigia chapa. Mwaka 1934 James Mbotela, mzawa wa Freretown na mwana wa mtumwa aliyekombolewa, alichapisha Uhuru wa Watumwa, kitabu ambacho wengi hukihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili. Kilichapishwa London, katika siku ambazo Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilivipitia vitabu vya Kiswahili kabla havijafika shuleni. Ndani yake Mwingereza ni mkombozi. Mwana wa mkombolewa alikuwa na sababu ya kweli ya kushukuru, na mtu asimcheke. Lakini katika kitabu cha namna ile, kilichotoka mahali pale, ni vigumu kuona ni wapi angepata nafasi ya kuuliza habari za kipande, hati ya kujitambulisha, ambacho Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kukichukua siku zile zile. Shukrani iliruhusiwa. Swali halikuruhusiwa.

Shaaban Robert, aliyekuwa karani katika serikali ya kikoloni Tanganyika, alipata njia nyingine. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, aliibuni nchi iliyo angani, akamsimamisha Karama mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria. Hakumtaja gavana hata mmoja. Msomaji mwenye macho aliona, na mwenye mamlaka hakupata pa kumshika. Hiyo ni hekima ya mtu anayeishi chini ya jicho la mwingine, nami naistahi. Hata hivyo ni hekima iliyonunuliwa kwa gharama, maana mtunzi anayelazimika kwenda angani ili aseme habari za mtaa wake amekwisha kunyimwa mtaa wake.

Bwana wa pili ni jamaa zake mwenyewe. Tulipopata uhuru wengi walidhani kwamba mvutano umekwisha, kwa kuwa msomaji, mchapishaji na mtawala wangekuwa wa rangi moja. Haikuwa hivyo. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walitunga tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ikachezwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 na wakulima na wafanyakazi wenyewe. Tarehe 31 Desemba mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa katika gereza la Kamiti karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani, na waliomfunga walikuwa weusi kama yeye. Hapa kwetu Pwani, Katama Mkangi, mwandishi wa riwaya mbili, Ukiwa na Mafuta, naye alitiwa kizuizini katika miaka ya 1980. Hata pasipokuwa na askari, lipo shinikizo la upole zaidi, la shangazi na mjomba na mzee wa kanisa au wa msikiti, wanaomwambia mtunzi: usituvue nguo mbele ya wageni. Neno hilo lina uzito, kwa kuwa ni kweli wageni wametuvua nguo mara nyingi.

Basi afanye nini mtu aliyeshikwa mikono yote miwili? Huyu amtaka awe shahidi wa wema wake, na yule amtaka awe wakili wa jamaa yake. Jibu langu ni kwamba akatae kazi zote mbili, kwa adabu lakini kwa uthabiti. Wakili huficha udhaifu wa upande wake. Mtunzi akifanya hivyo hadithi hufa mkononi mwake, na waliomtuma hawapati faida, kwa sababu mtu asiye na ila haaminiki, na asiyeaminika hahurumiwi.

Hoja ya tatu: Mpinzani naye apewe moyo mzima

Namwona mwalimu mmoja pale mbele akitikisa kichwa, na nadhani swali lake nalijua: je, ni insafu kwamba aliyenyang'anywa shamba aketi usiku kucha akimtafutia mnyang'anyi moyo? Ni swali zito, na halijibiwi kwa maneno matamu. Nitalijibu kwa mfano.

Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kijana tu alipoandika Weep Not, Child, iliyotoka mwaka 1964. Katika miaka ya hali ya hatari ndugu yake mmoja aliingia msituni na Mau Mau, na mwingine, aliyekuwa kiziwi, alipigwa risasi kwa sababu hakuisikia amri ya askari. Kama yuko mtu aliyekuwa na haki ya kumchora mlowezi kuwa jini, ni yeye. Lakini Howlands wa riwaya ile, ingawa ni mkatili na mtesaji, ni mtu anayeipenda ardhi kwa mapenzi ya kweli, mapenzi yanayofanana kwa namna ya kuogofya na yale ya Ngotho aliyenyang'anywa ardhi hiyo hiyo. Na mwanawe Stephen akutanapo na Njoroge, mwana wa Ngotho, wavulana hao wawili hugundua kwamba kila mmoja alikuwa akimwogopa mwenzake.

Je, kwa kumpa Howlands moyo, mtunzi amemwachilia huru? La hasha. Amemfunga zaidi. Jini hufanya ubaya kwa kuwa hiyo ndiyo hulka yake, na hapana mahakama inayoweza kumhukumu. Mtu, ambaye aweza kupenda na kuogopa, alikuwa na hiari, na kwa kuwa alikuwa na hiari ana hesabu ya kutoa. Kumpa mpinzani utu wake mzima ndiyo njia ya pekee ya kumfikisha mbele ya dhamiri ya msomaji.

Tunao mfano mwingine uliozaliwa karibu na hapa. M. G. Vassanji, Mhindi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kulelewa Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1994 The Book of Secrets, riwaya iliyopata tuzo ya Giller huko Kanada katika mwaka wa kwanza wa tuzo hiyo. Sehemu kubwa ya habari zake hutokea Kikono, mji aliouzua mwenyewe katika nchi hii iliyo kati ya Voi na Taveta, mpakani, kabla ya vita na wakati wake. Ndani yake wamo afisa Mwingereza anayeandika shajara yake, mwenye duka Mhindi ambaye majeshi yote mawili yanamtaka ayatumikie, na mwanamke aitwaye Mariamu ambaye siri yake haifumbuliwi mpaka mwisho. Vassanji ni wa jamii ambayo katika nchi zetu imewekwa katikati, chini ya Mzungu na juu ya Mwafrika, ikitiliwa shaka na wote wawili. Naye kutoka katikati hapo alimtazama afisa wa kikoloni bila kumsujudia na bila kumtemea mate. Nawauliza nyinyi wa milima hii: katika Kikono ile, Mdawida na Mtaveta wana sauti kiasi gani? Nasema kwamba ni kidogo. Sehemu hiyo ni yenu kuiandika, maana Vassanji ametimiza ya kwake.

Na ikiwa mnatafuta mpinzani wa kumpa moyo, hamna haja ya kwenda mbali. Mlowezi Ewart Grogan ndiye aliyewapiga Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwezi Machi 1907, na baadaye akajijengea ngome yake juu ya kilima karibu na Taveta, katikati ya ardhi ya mkonge. Ngome ipo. Mtunzi wa Taita Taveta aingie ndani ya vyumba vile kwa kalamu yake, akamsikilize mwenye nyumba usiku asipoweza kulala, kisha atoke akamsikilize mkata mkonge alfajiri, na asimwongopee hata mmoja wao.

Hoja ya nne: Ukuta mwingine umo ndani yetu

Laiti rangi ingalikuwa ukuta wetu wa pekee, kazi ingalikuwa nyepesi. Bessie Head, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1937 na mama mzungu na kuhamia Botswana ya leo mwaka 1964, alitegemewa aandike ubaya wa Makaburu; lakini katika Maru, riwaya yake ya mwaka 1971, aliandika jinsi weusi wa Botswana walivyomdharau mwalimu wa jamii ya Wamasarwa, wakimhesabu kama mtumwa. Aliumizwa na ubaguzi wa weupe, na kwa sababu hiyo hiyo hakukubali kuufumbia macho ubaguzi wa weusi.

Sisi je? Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, Wakenya zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao, na wauaji hawakuhitaji rangi ili kumtambua adui. Walitumia jina na lafudhi. Ken Walibora alikuwa ameonya miaka mitano kabla, katika Kufa Kuzikana ya mwaka 2003, kwa habari ya vijana wawili marafiki ambao makabila yao huchinjana. Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute ya mwaka 1999, aliwakutanisha Yasmin, msichana wa Kihindi, na Denge, Mwafrika mpigania uhuru, katika Zanzibar ya kikoloni ambamo kila mtaa ulimchungulia mwenziwe kwa shaka. Vitabu hivyo viwili havikuzuia damu isimwagike, wala sidai kwamba riwaya ni kinga ya mapanga. Nadai jambo dogo zaidi na la hakika zaidi: kwamba aliyekaa kwa kurasa mia mbili ndani ya moyo wa mtu wa kabila jingine hawezi tena kusema kwa unyofu kwamba hakujua.

Hapa kwetu wako Wadawida, Wasaghala, Wakasighau na Wataveta. Wako Wakamba na Waswahili wa Voi. Wako wenye maduka wa Kihindi, wachungaji wa Kisomali waingiao katika ranchi wakati wa ukame, na maskwota wanaolala katika mashamba waliyozaliwa bila hati. Tunasalimiana sokoni, kisha kila mmoja hurudi kwa wake kusema habari za mwenzake. Mtunzi ndiye anayeruhusiwa kuvuka. Msichana wa Mghange na aandike habari za mchungaji wa Kisomali aliyepoteza ng'ombe wake wote, na kijana wa Kisomali wa Voi na aandike habari za bibi wa Mghange anayelinda mahindi yake usiku. Watakosea hapa na pale, nao wenyewe wa habari watawasahihisha, na kule kusahihishana ni mazungumzo ambayo hatujapata kuwa nayo.

Hoja ya tano: Msomaji wa kwanza awe jirani

Mwezi Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere kuzungumzia fasihi ya bara lao. Ulikuwa mkutano wa waandishi wa Kiingereza, na kwa hiyo Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika mengi kwa Kiswahili, hakuwa na nafasi. Mwezi huo huo alifariki dunia. Ngũgĩ aliyekuwa mkutanoni alikuja kulieleza jambo hilo baadaye kwa uchungu, naye mwenyewe akageukia Gĩkũyũ. Riwaya yake Caitaani Mũtharabainĩ aliiandika Kamiti, juu ya karatasi za msalani.

Sifanyi amri kwamba kila mtu aandike kwa lugha ya mama. Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyekimbilia Uingereza baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, ameandika kwa Kiingereza na kupata tuzo ya Nobel mwaka 2021, na habari zake za misafara na askari wa Kidachi ni habari zetu. Lakini fikirini: Paradise yake ilitoka mwaka 1994, nasi tuliisoma kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, mwaka 2022. Kwa muda wa miaka 28 hadithi ya pwani yetu ilizunguka dunia na haikubisha hodi kwetu. Mtunzi mweusi anayemwandikia msomaji wa mbali kwanza hujikuta akieleza sima ni nini. Anayemwandikia jirani kwanza huacha kueleza, akaanza kusema. Wala mgeni hakosi chochote, kwa kuwa mtu husikiliza kwa makini zaidi mazungumzo ambayo hayakufanywa kwa ajili yake.

Mwisho: Kazi iliyo mbele yetu

Mabibi na mabwana, nimesema vya kutosha juu ya wengine. Ipo hadithi moja ambayo nataka kuiweka mikononi mwenu. Mwaka 1915, katika vita vile vya Wadachi, Waingereza waliwatuhumu wenyeji wa Kasighau kwamba waliwasaidia adui, wakaihamisha jamii nzima mpaka Malindi, katika joto na maradhi ya nchi wasiyoizoea. Wengi walikufa huko. Waliosalia hawakurudi milimani kwao mpaka miaka ya 1930. Ndani ya tukio hilo mna afisa aliyetia saini, mna askari mweusi aliyewasukuma watu njiani, mna mwenyeji wa Malindi aliyewapokea au aliyewafukuza, mna jirani wa Taita aliyenyamaza, na mna mtoto aliyezaliwa ugenini akasimuliwa mlima asiouona. Huu ni mgawanyiko wa rangi, wa kabila na wa hofu kwa pamoja, na haujapata riwaya inayolingana na ukubwa wake.

Napendekeza basi mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Walimu, mwakani wapeni wanafunzi daftari, muwatume wakaandike masimulizi ya wazee, kwa Kidawida au kwa Kiswahili, na madaftari hayo yatunzwe shuleni wala yasitupwe mwisho wa muhula. Wazee, watakapokuja, waambieni pia yale yanayotuaibisha, kwa maana mtunzi aliyelishwa sifa tupu atatoa kitabu kitupu. Na nyinyi vijana mlioketi nyuma, someni kwanza, someni hata waliotuandika vibaya; kisha mwandike, na kila mnapomwumba mhusika ambaye hamumpendi, mkae naye mpaka mjue anachokiogopa.

Kizazi kilichotutangulia kilipigania ardhi, nacho kilijua kwa nini. Kazi ya kizazi hiki ni kuhakikisha kwamba waliokuwa juu ya ardhi ile, wote, wamehesabiwa kuwa watu. Naamini kwamba mtunzi atakayeifanya kazi hiyo amekwisha kuzaliwa, na huenda yumo humu leo. Anachongoja ni sisi tuache kumwambia anyamaze.

Sasa nakaribisha maswali, na hasa ya wale wanaonipinga.